Jani la Kabichi na Tone la Maji: Funzo kutoka Mau Narok

Baada ya mvua katika nyanda za juu za Mau Narok, Kaunti ya Nakuru, maji hukaa juu ya majani ya kabichi na ngano kama shanga. Jani likitikiswa, matone huporomoka nalo likabaki kavu. Sababu ni mbili. Kwanza, jani limefunikwa kwa nta, ambayo haipatani na maji. Pili, nta hiyo imejipanga kwa vinundu vidogo mno, vinavyoonekana kwa hadubini tu. Hewa hunaswa baina ya vinundu hivyo, na tone hugusa ncha zavyo pekee. Kwa kuwa molekuli za maji huvutana zenyewe kwa zenyewe, tone hujikunja likawa duara, likabingirika na kuzoa vumbi. Mwaka 1997, wanabotania wa Ujerumani, Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis, walifafanua usafi huu kwa mfano wa lotasi, mmea wa majini.

Hata hivyo, kinga ya jani yaweza kuwa hasara ya mkulima: dawa iliyochanganywa na maji matupu huteleza na kuishia udongoni. Ndiyo maana huongezwa viambato vya kupunguza mvutano wa maji, ili tone litandazike na kushika. Anayelielewa jani, basi, huokoa dawa, fedha na udongo.