Kiranja ni Nani? Fundisho juu ya Uongozi na Kusaidiana Shuleni



Kila mwaka, mwezi wa Januari, watoto wa milima ya Uluguru hupanda na kushuka njia za Nyandira, Langali, Bunduki, Kikeo na Tchenzema, wakienda kuanza kidato cha kwanza. Wazazi hufurahi, na yafaa wafurahi. Lakini yako maswali mawili ambayo wengi wetu hatuyaulizi. La kwanza: nani huwaongoza watoto hawa saa ambazo mwalimu hayupo? La pili: nani humsaidia yule asiyefahamu somo? Fundisho la mwezi huu lataka kuonyesha ya kuwa maswali haya mawili kwa kweli ni swali moja.

1. Maana ya neno lenyewe

Leo tukisema kiranja, twafikiri mwanafunzi mwenye amri: hupiga kengele, husimamia usafi, huandika majina ya wapigao kelele. Lakini neno hili ni la kale kuliko shule zetu. Katika jando, kiranja alikuwa mvulana wa kwanza kutahiriwa. Alitangulia mbele ya kisu, na wenzake walifuata nyuma yake. Basi angalieni jambo hili: utangulizi wake haukuwa wa kwenye sahani ya chakula, ulikuwa wa kwenye maumivu. Mtu aliyeitwa kiranja aliitwa hivyo kwa sababu alilipokea kwanza lile zito ambalo wote walipaswa kulipokea. Tukiikumbuka maana hiyo, tutajua upesi kiranja mwema ni yupi, na ni yupi aliyevaa jina tu.

2. Jinsi desturi hii ilivyoingia shuleni

Mwaka 1789 Mskoti mmoja, jina lake Andrew Bell, alikabidhiwa shule ya yatima katika mji wa Madras, nchi ya Bara Hindi. Aliona watoto wakiandika herufi mchangani kwa vidole, akapenda njia ile. Walimu wake walipokataa kuifuata, akamweka mtoto mmoja aliyekwisha kufahamu awafundishe wenzake. Njia ile ikaenea Uingereza na nchi nyingine nyingi: mtoto ajuaye amfundishe asiyejua. Ilikuwa na kasoro yake, maana mara nyingi watoto walikariri tu pasipo kufahamu. Hata hivyo shina lake lilikuwa jema.

Kisha Thomas Arnold, aliyeanza kuiongoza shule ya Rugby mwaka 1828, aliwapa wanafunzi wakubwa kazi ya kulinda adabu ya wadogo. Desturi ya namna hiyo ililetwa na Waingereza katika shule zao za Afrika. Lakini tazameni tofauti: kwa Bell mkubwa alifundisha, kwa Arnold mkubwa alitawala. Shule zetu nyingi zilipokea zaidi ile ya kutawala, zikaisahau ile ya kufundisha.

Katika shule ya Tabora, alikosoma Julius Nyerere tangu mwaka 1937, walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu. Mkuu wa shule alikataa, kwa kuwa alimwona kuwa mpole mno. Mpole yule ndiye aliyekuja kuiongoza nchi nzima. Naye mwaka 1967, katika andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shule yao, wasiwe watu wa kungoja amri tu.

3. Mfano wa matuta

Wazee wetu wa Uluguru wana habari yao wenyewe juu ya amri. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kusudi lilikuwa jema, lakini watu hawakushirikishwa, na wengi waliona kazi ni kubwa na faida haionekani. Mwaka 1955 ghasia zilitokea upande wa Matombo, na mpango ule ukaachwa. Lakini tembeeni leo katika Mgeta: matuta ya mboga yamepangwa mlimani kama ngazi, na hakuna askari aliyesimama nyuma ya mkulima. Anayalima kwa sababu ameona yanamletea kabichi, karoti, njegere na viazi vya kupeleka sokoni Morogoro na Dar es Salaam.

Ndivyo ilivyo darasani. Kiranja aweza kunyamazisha darasa kwa vitisho, nalo litanyamaza mpaka atoke nje. Lakini mwanafunzi aliyeona ya kuwa saa ya kujisomea inamletea faida atasoma hata asipotazamwa na mtu.

4. Mlima mkubwa kuliko Lupanga

Mtoto wetu hufundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi. Akiingia kidato cha kwanza, masomo yake karibu yote huwa kwa Kiingereza. Huu ndio mlima. Chukueni mfano wa somo la Jiografia. Mwalimu afundisha habari ya udongo kuchukuliwa na maji mteremkoni. Mtoto wa Mgeta alijua jambo hili kabla ya kujua kusoma, maana ameshika jembe pamoja na mama yake na ameona mvua ikilila shamba lisilo na tuta. Lakini swali likija kwa Kiingereza, hunyamaza. Mwalimu aweza kudhani hajui, wenzake wakamcheka, naye akaanza kuamini ya kuwa hana akili. Kumbe akili anazo, na maarifa anayo; amekosa maneno tu.

Mtoto huyu asiposaidiwa mapema, mtihani wa upimaji wa kidato cha pili humkuta bado amenyamaza. Wengine hukata tamaa kabla ya hapo, wakarudi bustanini au wakaenda mjini kutafuta kibarua. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne, na shule za kata zimejengwa karibu na watu. Mlango umefunguliwa. Lakini mtu aweza kupita mlangoni, akakaa ndani miaka minne, akatoka mikono mitupu.

5. Kazi ya kiranja wa kweli

Shule nyingi zina kiranja wa taaluma, pamoja na kaka mkuu na dada mkuu. Nafasi hizi zaweza kuwa msaada mkubwa zikitumika hivi:

(a) Vikundi vidogo vya kujisomea. Watano wanatosha. Asiwekwe mmoja ajuaye yote na wanne wa kusikiliza, bali kila mmoja apewe sehemu yake ya somo ya kuwaeleza wenzake. Anayeeleza hujifunza mara mbili, kwa maana hawezi kumfahamisha mwingine jambo ambalo kwake mwenyewe ni giza.

(b) Kufahamu kwanza, kisha kusema. Kikundi kizungumze jambo lenyewe kwa Kiswahili mpaka wote walifahamu, kisha watafute maneno yake ya Kiingereza, wayaandike daftarini, wayatumie katika sentensi zao wenyewe. Maneno kumi kwa siku si mzigo mzito, na kwa siku mia moja za masomo ni maneno elfu moja.

(c) Kumtafuta aliyenyamaza. Kiranja asiandike majina ya wapigao kelele tu. Aangalie pia yule asiyeuliza kamwe, yule aliyeanza kukosa siku za masomo, yule ambaye daftari lake halina kitu. Amwendee kwa upole. Na kama shida ni kubwa, amweleze mwalimu.

(d) Kuwa mdomo wa wenzake. Katika baraza la shule aseme haja zao kwa adabu na kwa kweli: vitabu havitoshi, taa hakuna, wadogo wanaonewa.

Ipo mipaka pia. Kiranja hana ruhusa ya kumpiga mwenzake. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zinaweka adhabu ya viboko mikononi mwa mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa naye idhini kwa maandishi, tena isizidi viboko vinne. Mwanafunzi ampigaye mwanafunzi mwenzake amevunja kanuni. Tena kiranja naye ni mwanafunzi. Haifai kumtwika kazi nyingi hata akakosa saa yake ya kusoma. Na wasichana wasipewe daima kazi za kufagia na kuchota maji, hali wavulana wanaongoza mijadala. Kila mmoja ajaribiwe katika yote.

6. Sisi nyumbani na usharikani tufanye nini?

Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na katika lukolo mjomba ana neno kubwa juu ya wana wa dada yake. Basi ninyi wajomba, itumieni heshima hiyo. Mtoto akitaka kuacha shule, neno lenu laweza kumrudisha. Wakati wa mavuno na siku za gulio, msiwe wa kwanza kumwita shambani. Kabichi zaweza kubebwa na wengine, lakini somo lililompita halina mwingine wa kumbebea.

Ninyi mama na baba, mpeni mtoto saa moja ya jioni na taa, naye msimdharau akisoma kwa sauti maneno msiyoyajua. Mwambieni awaeleze kwa Kiswahili alilojifunza. Hata mzazi asiyesoma aweza kuuliza, “Kwa nini?” na swali hilo ni mwalimu mzuri.

Walimu wa ushirika, kazi hii mnaijua, maana kila siku mnafundisha kwa kuuliza na kujibu. Chumba kikiwa wazi mchana, wapeni vijana wakae wajisomee. Watafuteni pia waliomaliza kidato cha nne au cha sita wanaokaa nyumbani, waje kuwaelekeza wadogo zao siku mbili kwa juma. Shirika la CAMFED, lisaidialo wasichana wa vijijini katika Tanzania, limetumia njia hii: wasichana waliomaliza shule hurudi katika shule za sekondari kuwa walezi wa wadogo zao. Jambo linalofanywa na shirika kubwa laweza kuanzwa pia na watu wa kijiji kimoja, wakiwa na benchi, ubao na moyo.

Basi, siku shule itakapochagua viranja, wanafunzi wasiulizane nani ana sauti kubwa au nani anaogopwa. Waulizane hivi: nani kati yetu alikwisha kumsaidia mwenzake kabla hajapewa cheo? Huyo ndiye kiranja, hata kama bado hajaitwa kwa jina hilo.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kiranja wa jando alitangulia katika jambo gani? Latufundisha nini?
2. Njia ya Bell na njia ya Arnold zatofautianaje? Shule ya kwetu hufuata ipi zaidi?
3. Kwa nini matuta ya amri yaliachwa, na matuta ya mboga yanadumu?
4. Mtoto anyamazaye darasani aweza kuwa na shida gani? Tutamtambuaje?
5. Katika kijiji chetu, ni nani wamemaliza sekondari nao waweza kusaidia? Nani atakwenda kuwaomba juma hili?