Kifaranga Anapoanguliwa Nyumbani

Yai la kuku huatamiwa kwa siku 21. Siku moja au mbili kabla ya kutimia, kifaranga hutoboa utando wa chumba cha hewa kilichopo upande butu wa yai na kuanza kupumua kwa mapafu. Mlio wake husikika ganda likiwa bado zima. Kisha hulitoboa ganda kwa kijino kigumu kilichopo kwenye ncha ya mdomo, ambacho hudondoka baada ya siku chache. Tangu tundu la kwanza hadi kifaranga kutoka huweza kupita saa 12 hadi 24, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hutulia tuli.

Utulivu huo ndio unaowaponza vifaranga wengi. Watoto wa nyumbani huingiwa na huruma wakaomba ganda limenywe, na mkubwa mmoja hukubali. Haifai kabisa. Wakati kifaranga ametulia, damu iliyo katika mishipa ya utando ingali inarudi mwilini, na mabaki ya kiini yanaingia tumboni kupitia kitovu. Ganda likimenywa mapema, damu humwagika, au kifaranga hutoka na kitovu kilicho wazi kwa vijidudu.

Kiini kilichoingia tumboni humlisha kwa siku mbili hadi tatu. Kwa ajili hiyo mtetea huweza kuendelea kuatamia mayai yaliyochelewa huku walioanguliwa wamejibanza chini ya mbawa bila kula, na kwa ajili hiyo pia vifaranga wa siku moja husafirishwa ndani ya maboksi hadi miji ya mbali wakafika wazima. Familia isiwe na haraka ya kulisha. Haraka iwe kwenye joto.

Penye mtetea, kazi ya kuwapa joto ni yake, naye aachwe aifanye. Pasipo na mtetea, kifaranga huachwa akauke kwanza pale alipoanguliwa, kisha huhamishiwa kwenye boksi lenye joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Joto hupunguzwa nyuzi kama tatu kila wiki mpaka manyoya halisi yaote. Balbu inayotoa joto hutosha, na pasipo na umeme hutumika chemli au jiko la mkaa lililozungushiwa kizuizi. Moshi wa mkaa hauonekani kila mara, lakini hewa yake ya sumu huua vifaranga na watu pia, hivyo jiko lisiwekwe kamwe kwenye chumba kilichofungwa, wala chumba wanacholala watu. Asiye na kipimajoto awatazame vifaranga wenyewe: wakirundikana chini ya taa wanaona baridi, wakiikimbia na kuhema midomo wazi wamezidiwa na joto, wakijibana upande mmoja, upepo unaingia upande wa pili.

Sakafu ya boksi iwe na maranda ya mbao au pumba za mpunga. Gazeti tupu huteleza, na miguu inayoteleza siku za mwanzo huweza kupanuka ikalemaa.

Maji hutangulia chakula. Yawe vuguvugu, katika chombo kifupi kilichotiwa kokoto safi ili kifaranga asizame, na mdomo wake uchovywe mara moja ili ajue yalipo. Kisha hufuata chakula cha vifaranga chenye protini asilimia 18 hadi 20. Chenga za mahindi au mchele peke yake hushibisha tu, hazikuzi. Zichanganywe na dagaa waliosagwa na mashudu ya alizeti. Mchwa nao ni chakula bora sana.

Kifaranga aliye peke yake hulia bila kukoma hata akiwa ameshiba, kwa kuwa anatafuta wenzake. Dawa nzuri ni kumtia usiku chini ya mtetea mwenye vifaranga wa umri ule ule. Asubuhi mara nyingi humpokea kama wake. Mchana mtetea na vifaranga wakae ndani ya tenga, kwa sababu mwewe, kunguru, paka na kicheche wanahitaji dakika moja tu.

Watoto wafundishwe kumshika kifaranga kwa viganja viwili, wakiwa wamekaa chini, kwa muda mfupi. Wasimbusu, na wanawe mikono kwa sabuni baadaye, maana kuku hubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha dalili.

Adui mkubwa kuliko mwewe ni ugonjwa wa mdondo, unaoitwa pia kideri, ambao huweza kumaliza banda zima. Chanjo yake ya I-2 inayostahimili joto hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ugonjwa wa Gumboro nao huchanjwa karibu na wiki ya pili, mara nyingi kupitia maji ya kunywa. Maji hayo yasiwe ya bomba yenye klorini, kwani klorini huua chanjo.