Mtalii Anayesafiri na Kazi Yake



Sisi hatuwezi kuhamisha kiwanda wala shamba la chai. Anayefanya kazi kwa kompyuta aweza kusafiri nayo, na hapo utalii unabadilika. Tutazame Barbados, kisiwa cha miwa na hoteli katika Karibi. Julai 2020, hoteli zilipobaki tupu kwa UVIKO-19, serikali ilianza kutoa kibali cha miezi 12: mgeni aishi pale akimtumikia mwajiri wa ng'ambo. Sharti, kipato cha dola za Kimarekani 50,000 kwa mwaka; ada ya mtu mmoja, dola 2,000. Kodi ya mapato ya huko halipi!

Mgeni huyo aweza kupanga nyumba na kujipikia. Mwenye nyumba hufurahi. Lakini mpishi na mtandika vitanda wakihama hotelini kwenda nyumba moja moja, twauliza, chama chao kitajadiliana mishahara na nani?