Rangi ya Ngozi na Rangi ya Mwanga: Kusahihisha Picha ya Mgonjwa kabla ya Kuituma

Muyama ni kata ya nyanda za juu za Kigoma, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Kasulu hadi Wilaya ya Buhigwe ilipoanzishwa mwaka 2012. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, iko Kigoma mjini. Muhimbili iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Kwa simu, picha ya kidonda, upele au mtoto mchanga huweza kumfikia daktari wa mbali kwa dakika chache. Hata hivyo, picha yenye rangi za uongo huweza kumpotosha daktari kuliko kutokuwapo kwa picha yoyote.

Chukuliwe mfano wa mtoto wa siku mbili aliyepigwa picha chini ya turubai la buluu. Mama ameona macho ya mwanawe yana umanjano, lakini katika picha hauonekani. Sababu ni kwamba buluu na manjano ni rangi zinazofutana: mwanga wa buluu uliopenya turubai umeuficha umanjano wa ngozi. Taa ya zamani yenye mwanga wa njano huleta kosa la kinyume, na kumfanya mtoto mzima aonekane mgonjwa. Kivuli cha migomba huongeza ukijani, na udongo mwekundu unaoakisi jua huongeza wekundu.

Jinsi kamera inavyohesabu rangi

Kila nukta ya picha huhifadhiwa kwa namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Kitu cheupe kilichoangazwa na mwanga usio na rangi huwa na namba tatu zinazokaribiana, kwa mfano 220, 220 na 220. Shashi nyeupe ikisomeka 190, 205 na 230, ni dhahiri kwamba buluu imezidi, na imezidi pia kwenye ngozi iliyo kando yake.

Kwa sababu hiyo, shashi hiyo ndiyo shahidi wa picha. Bila kitu cheupe kinachojulikana, hakuna awezaye kutenganisha rangi ya mwanga na rangi ya ugonjwa.

Hatua za kufuata

1. Mgonjwa asogezwe karibu na dirisha au mlango wenye mwanga wa mchana, mbali na turubai na kuta zenye rangi kali. Taa izimwe, ili mianga miwili isichanganyike.
2. Shashi safi iwekwe kando ya sehemu inayopigwa picha, katika mwanga uleule.
3. Kioo cha simu kiguswe mahali penye ngozi, ili kamera ipime mwanga wa ngozi. Shuka jeupe likitawala picha, ngozi nyeusi hutoka giza na dalili hupotea.
4. Shashi isiungue kwa mwanga. Namba zote zikifika 255, ushahidi wake umepotea na picha irudiwe.
5. Katika programu ya kuhariri picha, kama GIMP ya kompyuta au Snapseed ya simu, kifaa cha kurekebisha weupe kichaguliwe, kisha shashi iguswe. Programu hurekebisha picha nzima kwa kipimo kimoja.
6. Picha ya asili itumwe pamoja na iliyorekebishwa, na daktari aelezwe kilichofanyika.

Yasiyoruhusiwa

Marekebisho ya rangi ya papo kwa papo yaepukwe. Mengi ya hayo hukisia kwamba wastani wa rangi zote katika picha ni kijivu. Ngozi yenye umanjano ikijaza picha, programu huudhania umanjano huo kuwa kosa la mwanga na kuuondoa. Vichujio vya urembo navyo hulainisha upele na kung'arisha ngozi. Kukoleza rangi ya sehemu moja tu, hata kwa nia ya kuionyesha vizuri, ni kubadili ushahidi. Kinachosahihishwa ni mwanga, wala si mgonjwa.

Mipaka ya picha

Picha haipimi bilirubini. Umanjano unaoonekana ndani ya saa 24 za kwanza, au uliofika kwenye viganja na nyayo, unahitaji rufaa ya haraka, kwa kuwa bilirubini ikizidi huweza kudhuru ubongo wa mtoto. Jicho la mhudumu na neno la mama aliyemwona mwanawe mchana kweupe hutangulia picha. Zikitofautiana, mtoto achunguzwe upya.

Mgonjwa au mzazi ana haki ya kuelezwa picha ni ya nini na nani ataiona, na ana haki ya kukataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Uso usionyeshwe pasipo haja, na picha isibaki katika simu ya mhudumu baada ya kazi yake kwisha.

Kipande cha shashi hakina gharama kubwa, na kukiweka kando ya mtoto huchukua muda mfupi. Kwa yule wa chini ya turubai, kingetosha kuurudisha umanjano ambao mama yake alikuwa ameshauona.