Barua ya Kupimwa TB: Si Nilishapigwa Picha Kabla ya Viza?

Najua wengi wenu mko mbioni na kozi mpya, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye somo letu la afya.

Ukishajiandikisha kwa daktari wa mtaa hapa Uingereza, yaani GP, unaweza kupata barua au ujumbe wa simu unaokuita ukapimwe damu kwa ajili ya TB. Wengi wetu kinachotujia kwanza ni hasira. "Mbona nilipigwa picha ya kifua Nairobi kabla ya viza? Si waliniambia sina kitu? Sasa hawa wananitafutia nini tena?" Kisha inafuata hofu: isije ikawa ni njia ya kunirudisha kwetu. Mimi mwenyewe barua yangu ilikaa kwenye droo miezi miwili, chini ya karatasi za matangazo ya pizza. Nilikwenda baada ya kuelewa jambo moja tu, kwamba ile picha na hii damu havitafuti kitu kimoja.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Bakteria wa kifua kikuu, ambaye Robert Koch alimtangaza mwaka 1882, huenea kwa hewa. Mtu mwenye TB ya mapafu akikohoa, wewe uliyekaa naye chumba kimoja au daladala moja lililofungwa vioo unaweza kuvuta vimelea. Mara nyingi mwili hauwaui wote. Unawazingira, unawafungia ndani ya kauzio kadogo ka seli, na wao wanalala humo. Hapo huumwi, hukohoi, na huwezi kumwambukiza mtu yeyote, hata mkila sahani moja na kulala chumba kimoja. Hiyo ndiyo TB iliyolala. Inakadiriwa kuwa karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa hivyo, kwa hiyo si aibu ya ukoo wala ya nchi.

Tatizo ni kwamba aliyelala anaweza kuamka. Katika watu 100 wenye TB iliyolala, kama 5 hadi 10 hivi wataugua siku moja maishani, na hatari ni kubwa zaidi miaka michache ya mwanzo baada ya kuambukizwa. Mwenye virusi vya Ukimwi asiyetibiwa, mwenye kisukari, au anayetumia dawa za kupunguza kinga ya mwili, yeye yuko hatarini zaidi.

Sasa turudi kwenye picha. Anayeomba viza ya Uingereza ya zaidi ya miezi 6 kutoka nchi zetu hupigwa eksirei ya kifua katika kliniki iliyoidhinishwa, akapewa cheti. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za majaribio ya utaratibu huo mwaka 2005. Eksirei huonyesha mapafu yaliyoshambuliwa, yaani ugonjwa wenyewe. Vimelea waliolala haiwaoni, maana hawajaharibu kitu. Kwa hiyo cheti chako kilisema kweli: siku ile hukuwa na TB ya mapafu. Hakikusema kwamba hujawahi kuambukizwa. Na ndiyo maana, ingawa kila mwenye viza ndefu hupigwa picha, mwaka 2023 karibu watu 8 katika kila 10 waliogunduliwa na TB hapa England walikuwa wamezaliwa nje. Wengi hawakushuka na ugonjwa kwenye ndege. Waliugua miaka kadhaa baadaye, wakiwa tayari wana kazi, mitihani na watoto.

Kwa sababu hiyo mwaka 2015 ulianzishwa mpango wa kupima TB iliyolala kwa wahamiaji wapya katika maeneo ya England yenye wagonjwa wengi. Walengwa ni wenye umri wa miaka 16 hadi 35, waliofika ndani ya miaka 5, na waliowahi kuishi miezi 6 au zaidi Afrika kusini mwa Sahara au nchi nyingine yenye TB nyingi. Yaani sisi hasa, wanafunzi. Ukitazama umri huo unaweza kudhani ni ubaguzi wa namna fulani, lakini una sababu: dawa zake zinaweza kusumbua ini, na usumbufu huo huongezeka kadiri mtu anavyozeeka. Kijana ana miaka mingi mbele ya kuweza kuugua na ini lake bado lina nguvu, kwa hiyo hesabu inamwendea vizuri.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Nesi anachukua damu kidogo tu, isiyojaa kijiko cha chai. Maabara wanaichanganya na protini zinazotoka kwa bakteria wa TB, wanasubiri, kisha wanapima kama seli zako za kinga zimetoa kemikali iitwayo interferoni gama. Seli zilizowahi kukutana na mdudu huyo zinamkumbuka, basi zinapandwa na hasira. Zisizomjua zinakaa kimya.

Na chanjo ya BCG tuliyochomwa utotoni, ile iliyotuachia kovu? Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Chanjo hiyo humkinga mtoto na TB kali, hasa ile ya kwenye ubongo, lakini kwa mtu mzima kinga yake ni dhaifu. Pia ndiyo inayovuruga kipimo cha zamani cha kuchoma ngozi ya mkono na kusubiri uvimbe, kwa sababu mtu aliyechanjwa anaweza kuvimba bila maambukizi yoyote. Kipimo cha damu hakina kasoro hiyo, maana protini zinazotumika hazimo ndani ya BCG. Wenzetu walioko Marekani, ambako vyuo vingi huwataka wanafunzi wa kutoka kwetu wapimwe TB, chuo kikikupa nafasi ya kuchagua kati ya ngozi na damu, chagua damu.

Jibu likiwa hasi, mambo yameishia hapo. Likiwa chanya, usipige simu nyumbani ukilia. Kipimo kinasema umewahi kukutana na mdudu, hakisemi kama amelala au ameamka. Kwa hiyo utaitwa kliniki ya TB, utaulizwa kuhusu kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito na matezi shingoni, kisha utapigwa picha upya. Hatua hiyo usiiruke. Dawa za TB iliyolala ni chache, na mtu mwenye ugonjwa kamili akipewa hizo chache anaweza kuotesha vimelea sugu. Utashauriwa pia kupima virusi vya Ukimwi na homa ya ini, na ni heri ukubali, kwa sababu majibu hayo hubadilisha dawa utakazopewa.

Niiseme na habari ya viza, maana ndiyo inayowafanya watu waifiche barua. Uvumi huu una chanzo. Sote tuna ndugu au jirani aliyetaka kwenda Ghuba kufanya kazi, na katika nchi kadhaa za kule imekuwa kawaida mtu kukataliwa kwa sababu ya picha yenye kovu la TB, hata la zamani. Huku utaratibu ni tofauti. Kuwa na TB iliyolala si sababu ya kufutiwa viza, na matibabu ya TB hapa ni bure kwa kila mtu, awe na karatasi au hana. Unaweza pia kukataa kupimwa. Lakini ukikataa, kataa kwa kuwa umepima faida na hasara, si kwa kuwa umesikia maneno kwenye basi.

Matibabu ya kawaida ni rifampisini na isoniazidi kwa miezi 3, au isoniazidi peke yake kwa miezi 6. Yakikamilishwa hupunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 60 hadi 90. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, na lenzi za machoni zinaweza kuchafuka. Isoniazidi inaweza kuleta ganzi miguuni, ndiyo maana huongezewa vitamini B6. Pombe weka pembeni. Macho yakiwa ya manjano, au ukitapika mfululizo, acha vidonge na piga simu kliniki siku hiyo hiyo.

Yapo mawili ambayo watu huyasahau. Akina dada, rifampisini huvunja nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na athari hiyo hubaki wiki 4 baada ya dozi kwisha. Mwambie nesi mapema akupangie njia nyingine. La pili linahusu likizo. Wengi wetu hupanga dozi, kisha Juni tunapanda ndege kwenda nyumbani. Rifampisini huimaliza nguvu ya dawa mseto ya malaria, ile ALu tunayopewa kila zahanati, na haitakiwi kutumiwa pamoja nayo. Hupunguza pia nguvu ya baadhi ya vidonge vya kujikinga na malaria. Ukipata homa Tabora au Kisumu, daktari asipojua unachomeza atakupa ALu kama kawaida, na malaria inaweza isipone. Kwa hiyo taja tarehe za safari yako siku ya kwanza kliniki. Kuchelewesha dozi mpaka utakaporudi mara nyingi kunawezekana, maana aliyelala hana haraka ya wiki sita.

Ukimaliza dozi, omba barua inayosema umetibiwa dawa gani na lini. Damu yako inaweza kuendelea kutoa jibu chanya miaka mingi baadaye, na haimaanishi dawa zilishindwa. Wanaosomea unesi na udaktari wataulizwa hilo kila wanapokwenda hospitali mpya kwa mafunzo. Toa nakala, uiweke pamoja na pasipoti.