Chama cha Kwanza cha Tenisi katika Mji wa Leamington

Watu wengi wakisikia neno tenisi hukumbuka Wimbledon, wakadhani kwamba mchezo huo ulizaliwa huko. Sivyo. Chama cha kwanza cha tenisi ya uwanja wa nyasi kiliundwa Leamington, mji wa Uingereza ya kati, katika jimbo la Warwickshire. Mji huo ulikuwa na sifa kwa sababu ya chemchemi zake, ambazo wagonjwa waliziendea ili kunywa maji yake na kuoga.

Walioanzisha mchezo walikuwa marafiki wawili. Harry Gem alikuwa wakili na karani wa mahakimu wa Birmingham, na Augurio Perera alikuwa mfanyi biashara, mzaliwa wa Hispania. Wote wawili walipenda mchezo wa raketi, lakini mchezo ule ulihitaji jengo lenye kuta ndefu, na jengo ni gharama. Basi tangu mwaka wa 1859 hivi walijaribu kuucheza nje, juu ya nyasi za nyumba ya Perera huko Edgbaston.

Jambo hilo lisingaliwezekana zamani. Mpira wa zamani, uliojazwa nywele au vitambaa, haukuruka vema juu ya nyasi. Lakini mwaka wa 1844 Charles Goodyear wa Marekani alipata hati ya serikali ya kuilinda njia yake ya kupika mpira pamoja na kiberiti, hata ukawa imara na wenye kuruka. Na mashine ya kukatia nyasi ilikwisha kubuniwa na Edwin Budding mwaka wa 1830. Bila ya hiyo, uwanja ulio sawa ungekuwa kazi ya wafyekaji wengi.

Marafiki hao walihamia Leamington, na mwaka wa 1872, pamoja na madaktari wawili wa hospitali ya Warneford, wakaunda chama chao. Walicheza katika uwanja wa hoteli iitwayo Manor House.

Lakini hawakuchukua hati yo yote ya serikali kuulinda mchezo wao. Mwaka wa 1874 Meja Walter Wingfield alichukua hati kwa ajili ya mchezo wa namna hiyo, akauza masanduku yenye wavu, raketi, mipira na kanuni. Masanduku yalienea upesi, na kwa miaka mingi sifa yote ikawa yake. Hata hivyo, uwanja wake ulikuwa mwembamba katikati kama kiuno cha nyigu, na umbo hilo halikudumu.

Mwaka wa 1877 chama cha Wimbledon, kilichoanzishwa kwa ajili ya mchezo wa kroketi, kilitaka fedha za kutengeneza rola lake la kusawazisha nyasi, lililovutwa na farasi mdogo. Kikatangaza mashindano ya tenisi. Wachezaji 22 walijiandikisha, naye Spencer Gore akashinda. Uwanja uliwekwa kuwa mstatili, urefu futi 78 na upana futi 27, na vipimo hivyo vingali vikitumika kwa mchezo wa watu wawili.

Gem alikufa mwaka wa 1881. Miaka mitatu baadaye wanawake waliruhusiwa kushindana Wimbledon kwa mara ya kwanza, na mshindi alikuwa Maud Watson, binti wa kasisi wa Berkswell, kijiji kilichokuwa cha Warwickshire wakati huo. Katika mchezo wa mwisho alimshinda dada yake mwenyewe, Lilian.