Mkono Baada ya Saratani ya Titi: Mazoezi ya Pilates na Kazi za Nyumbani

Matibabu ya saratani ya titi, yaani ugonjwa ambao seli za titi huongezeka ovyo na kuweza kuvamia sehemu nyingine za mwili, hayaishi siku mgonjwa anaporuhusiwa kutoka wodini. Wanawake wa Mkoa wa Simiyu wanaofuata matibabu hayo katika Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, huweza kurudi Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima au Busega wakiwa na bega lililokaza, kovu linalovuta na uchovu usiokwisha kwa usingizi, ilhali jembe, kinu na ndoo vinawasubiri. Familia, kwa huruma, huweza kuamua kwamba mkono wa upande uliopasuliwa usiguse kazi tena; huruma hiyo inaeleweka, lakini mkono usiotumika hukakamaa na kudhoofika.

Hofu iliyo nyuma ya huruma hiyo ina chanzo. Anapopasua titi, daktari mara nyingi huondoa pia baadhi ya tezi za limfu za kwapani, yaani vifundo vidogo vinavyochuja majimaji ya mwili, ambavyo watu huviita mitoki vinapovimba. Vikipungua, au vikiathiriwa na mionzi, majimaji huweza kutuama mkononi na kuuvimbisha. Kwa sababu hiyo wagonjwa walikatazwa kwa miaka mingi kunyanyua vitu vizito. Mwaka 1996, huko Vancouver, Kanada, daktari Don McKenzie aliwaandaa wanawake 24 waliokwisha kutibiwa wapige makasia ya mtumbwi mrefu, na hakuna aliyepata uvimbe mpya wa mkono. Mwaka 2009 utafiti wa Marekani ulioongozwa na Kathryn Schmitz ulionyesha kwamba uzito unaoongezwa kidogo kidogo, chini ya uangalizi, haukuzidisha uvimbe hata kwa waliokuwa nao.

Njia mojawapo ya kuanza kuutumia tena mkono ni mazoezi ya Pilates, yaliyobuniwa na Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883, ambayo huunganisha pumzi na mwendo wa polepole wa misuli ya tumbo, mgongo na mabega. Mara nyingi picha huyaonyesha yakifanywa juu ya mashine za gharama, lakini mkeka uliotandikwa kivulini unatosha. Mwanamke hulala chali, magoti yamekunjwa, akavuta pumzi kwa pua hadi mbavu zipanuke pembeni, kisha akaitoa taratibu huku akikaza kwa upole tumbo la chini. Akishazoea, hushika fimbo kwa mikono miwili na kuipandisha kuelekea kichwani, mkono wa upande mzima ukiusaidia mwenzake, na huishia pale anapohisi kuvutwa, kabla ya maumivu. Kuupandisha mkono juu ya bega husubiri ruhusa ya daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, hasa ikiwa mrija wa kutolea majimaji ya kidonda haujatolewa; naye ambaye saratani imefika kwenye mifupa asikunje wala kusokota mgongo bila ushauri wao. Mazoezi haya hayajathibitishwa kuzuia saratani isirudi, na anayeyauza kwa ahadi hiyo asiaminiwe.

Kazi nazo hurudishwa kwa hatua. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa takriban kilo 20, hivyo mwanzo ni kidumu cha lita 3, kisha cha lita 5, na katika kipindi hicho ndoo kubwa ibebwe na mume au vijana wa kiume, hata kama desturi ya nyumba imewazoesha vingine. Katika msimu wa pamba, ncha za vitumba vilivyokauka huchana ngozi, na mchubuko mdogo huweza kuleta maambukizi makubwa kwenye mkono uliopunguziwa tezi. Kwa hiyo nguo ya mikono mirefu, glavu zikipatikana, na kuosha kila mchubuko kwa sabuni ni sehemu ya matibabu. Mkono ukivimba ghafla, ukawa wa moto na kuuma, pamoja na homa, mgonjwa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, asichanjwe chale wala kukandwa kwa maji ya moto.

Shirika la Afya Duniani hushauri angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na safari ya miguu kwenda gulioni huhesabika. Mwenye kuandikiwa tamoxifen, kidonge kinachozuia homoni ya estrojeni isichochee saratani, kwa kawaida hukimeza kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Joto la ghafla mwilini linalotokana nacho huelezwa kwa daktari, na kidonge hakikatizwi kimyakimya. Uvimbe mpya kwenye kovu, kwapani au katika titi lililobaki, maumivu ya mfupa yasiyokoma au kikohozi cha wiki kadhaa havisubiri tarehe ya kliniki. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu, iliyopo Bariadi, ndiyo mahali pa kuanzia kabla ya nauli ya Mwanza kutafutwa.